Beringi Mezani

Nikiwa mwaka wa nne wa uhandisi nilifanya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, miezi mitatu katika kiwanda kimoja cha sukari huko kwetu magharibi mwa Kenya. Kazi yangu? Mizani. Kuandika uzito wa trekta za miwa zikiingia na kutoka. Mwezi wa pili kinu kikasimama kwa sababu ya beringi moja, kipuri kinachoshikilia mhimili unaozunguka, tukaingoja nyingine kutoka India karibu wiki sita, miwa ya wakulima ikikauka foleni. Chuo kilikuwa mwendo wa saa moja kwa matatu. Hakuna aliyekipigia simu, na kusema kweli chuo nacho hakikuuliza. Lecha wangu alikuja mara moja, akatia sahihi kitabu changu, akanywa chai, akaondoka.

Sasa niko Aachen, Ujerumani. Jumanne moja mhandisi wa kampuni ya pampu aliingia maabara na beringi iliyofungwa kwa kitambaa, akaibwaga mezani mbele ya profesa. Zinakufa baada ya miezi minane, akasema, mniambie kwa nini. Kufikia jioni walishaanza kubishania mkataba: nani analipa, majibu ni ya nani, nani ataruhusiwa kuyachapisha. Swali lenyewe nikapewa mimi liwe tasnifu yangu, tena kwa malipo.

Nyumbani watu husema siri ya Wajerumani ni pesa. Pesa zipo, sikatai. Lakini sisi nasi tuna sheria ya 2013 inayotaka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa utafiti. Ninachokionea wivu mimi ni kingine. Katika vyuo vyao vya sayansi tumizi, ili uwe profesa wa uhandisi kwa kawaida sharti uwe umefanya kazi miaka isiyopungua mitano, mitatu kati yake nje ya chuo. Mtu kama huyo grisi imeshamwingia kwenye kucha. Kiwanda kikimpigia simu, anaelewa kilichoharibika.

Si kwamba huku ni peponi. Tasnifu yangu imefungiwa miaka mitano kwa siri za kampuni. Hata mama haruhusiwi kuiona (si kwamba angeisoma). Pale Kibuye, sokoni Kisumu, fundi wa jua kali akibuni jiko jipya asubuhi, jioni jirani zake wote wanalo.

Mdogo wangu ameanza atachimenti wiki iliyopita, kiwanda kilekile. Nikamuuliza kapewa kazi gani.

"Mizani."