Mzigo wa mionzi barabarani: tuambiwe au tufichwe?

Ukitaja mzigo wa nyuklia, wengi wetu Kigoma tunawaza urani ya Kongo ikivuka ziwa usiku. Ulio karibu nasi ni mdogo mno: kifaa cha kupima ushindiliaji wa udongo, kinachotumika kwenye ujenzi wa barabara. Ndani yake mna chanzo cha mionzi, yaani kipande kidogo cha sesiamu-137, elementi inayotoa mionzi, na husafiri nyuma ya pikapu.

Usalama unataka mzigo huo utambulike: alama ya mionzi, karatasi kwa dereva, watu wajue kukaa mbali. Ulinzi unataka njia na saa visijulikane, mwizi asiuvizie. Hoja hiyo ya pili siipuuzi. Kutangaza kwamba chanzo cha mionzi cha hospitali kitalala Kaliua leo ni kumwalika mwizi.

Lakini wezi walioteka lori la kobalti-60, nayo ya mionzi, huko Mexico, Desemba 2013, inaelekea hawakujua limebeba nini. Walilitaka lori. Kobalti ilikutwa imetolewa kwenye kinga yake. Kutojua hakukumlinda mtu.

Watetezi wa usafirishaji husema makasha hujaribiwa: hudondoshwa kutoka mita 9, huchomwa nusu saa kwa nyuzi 800 za selsiasi. Ni kweli, ila hayo ni makasha ya vyanzo vikali. Ya vyanzo vidogo hupitia majaribio mepesi zaidi, na vidogo ndivyo vinavyopotea. Australia, Januari 2023, kidonge cha sesiamu-137 chenye urefu wa milimita 8 kilidondoka kwenye lori katika safari ya kilomita 1,400. Mtikiso ulilegeza bolti. Upotevu uligunduliwa Januari 25, siku kadhaa baada ya mzigo kufika. Magari yenye vipima mionzi yaliipekua barabara, kikapatikana Februari 1. Aliyepita vipande vya vumbi kuelekea Uvinza anajua mtikiso ni nini.

Kwa hiyo saa na njia zifichwe, sikatai. Mafunzo yasifichwe. Tume ya Nguvu za Atomiki iwafikie zimamoto, polisi wa vituo vya njiani, na kwanza kabisa wanunuzi wa vyuma chakavu wa Tabora mjini. Goiânia, Brazil, mwaka 1987, chanzo kilichotelekezwa kiliishia kwa mnunuzi wa chakavu, kikafunguliwa, na watu 4 wakafa. Mke wa mnunuzi huyo alikuwa mmoja wao.