Pua ya gari iinuke au izuiwe? Ubishi wa kuondoka kwenye mbio za dragi

Picha inayopendwa zaidi kwenye mbio za dragi, zile za magari kushindana kwenye njia fupi iliyonyooka yakianzia kusimama, ni ya gari lililosimamia matairi ya nyuma, magurudumu ya mbele yakiwa hewani. Labda ndiyo maana mafundi wengi wanaoanza kurekebisha saspensheni ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma huanzia mbele: springi laini, shokapu zinazofunguka upesi, pua ipande. Wengine hufanya kinyume. Huifunga mbele isipande zaidi ya sentimita chache, na gari linaondoka likiwa limetulia chini. Kila upande una muda mzuri wa futi 60 za mwanzo (mita 18.3) wa kuonyesha. Mimi naona hawa wa pili wako karibu zaidi na ukweli kwa magari mengi ya leo, ila hoja ya wale wa kwanza si ya kutupwa.

Tuanze na hesabu, maana ubishi mwingi huishia hapo. Gari linapoongeza kasi, mzigo huhama kutoka matairi ya mbele kwenda ya nyuma. Chukua uzito wa gari, zidisha kwa mchapuko wake (jinsi kasi inavyoongezeka), zidisha kwa kimo cha kitovu cha uzito, kisha gawa kwa umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Springi hazimo kwenye hesabu hiyo, wala shokapu. Gari la kilo 1,500, lenye ekseli zilizoachana mita 2.7 na kitovu cha uzito nusu mita juu ya lami, likichapuka kwa g 1 (sawa na mchapuko wa kitu kinachoanguka), linahamisha kilo 278 hivi. Sasa acha pua ipande sentimita 9, kitovu cha uzito kipande takriban sentimita 5. Zinahama kilo 306. Kama ekseli ya nyuma ilibeba kilo 675 gari likiwa limesimama, tumetoka kilo 953 na kufika 981. Ni asilimia 3, baada ya purukushani yote ile.

Asilimia 3 inaweza kuamua mbio pale tairi linapokuwa dhaifu. Magari ya miaka ya 1960 kule Marekani, yale yaliyonyanyuliwa mbele kwa makusudi, yalikuwa na matairi dhaifu kwa injini zilizokuwa nazo, kwa hiyo kila kilo ilitafutwa. Hata hivyo, mwaka 1965 kampuni ya Chrysler ilionyesha penye faida kubwa zaidi. Kwenye baadhi ya Dodge Coronet na Plymouth Belvedere za mashindano walisogeza ekseli ya nyuma mbele kwa inchi 15, sawa na sentimita 38, na ya mbele wakaisogeza mbele kwa inchi 10. Bodi ikawa imekalia matairi ya nyuma hata kabla gari halijaondoka. Magari hayo yalionekana ya ajabu, na hapo ndipo lilipotoka jina la Funny Car, yaani gari la ajabu.

Springi na shokapu basi zinafanya nini? Zinapanga wakati: mzigo ufike nyuma kwa haraka kiasi gani, na ukishafika ukae au urudi. Hapa ndipo pua inayopanda ovyo inapogharimu. Ukipata video ya mwendo wa polepole, iache pua, tazama ubavu wa tairi la nyuma. Mwanzoni unakunjamana, tairi limebonyea na kutandaza uso wake kwenye lami. Kisha shokapu za mbele zinafika mwisho wa kufunguka, bodi inashtuka, pua inaanza kushuka. Papo hapo makunyanzi ya ubavuni yanapotea, na tairi linaanza kuzunguka bure. Dereva atasema njia ilikuwa mbaya.

Nyuma nako kuna mtego wa aina hiyohiyo. Pembe za mikono inayoshika ekseli zinaweza kupangwa ili nguvu ya injini iinue bodi badala ya kuikalisha, na bodi inapoinuka ekseli inasukumwa chini kwa nguvu. Msukumo huo ni halisi, lakini unakwisha pindi bodi ikifika juu, na kinachofuata ni tairi kupungukiwa mzigo. Usipokuwa na shokapu ya kupunguza kasi ya kufunguka kwa nyuma, utafaidi mita chache tu.

Kuna pia suala la kulia na kushoto. Kwenye ekseli nzima ya nyuma, ile inayounganisha matairi yote mawili kwa mhimili mmoja, msokoto wa propela shafti (chuma kinachopeleka nguvu ya injini nyuma) hukandamiza tairi la kushoto na kulipunguzia mzigo la kulia, na gari huvuta upande wa kulia. Chrysler waliweka springi za vyuma bapa zenye vyuma vingi zaidi upande wa kulia. Leo wengi huweka mfuko wa hewa ndani ya springi ya kulia. Ni kazi ya bei nafuu, na inashangaza jinsi inavyosahaulika.

Tairi lenyewe ndilo linaloelemeza mizani. Matairi vipara ya mbio yenye ubavu laini husamehe. Yakiteleza kidogo yanaweza kushika tena. Ya radiali, yaani yaliyofumwa kwa nyuzi zinazokata moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu, ubavu wake kwenye mbio hizi ni mgumu zaidi, na yakianza kuteleza ni nadra kurudi, hivyo hayataki bodi inayopanda na kushuka. Watetezi wa pua hujibu kwa kutaja Dodge Challenger SRT Demon ya 2018, gari la kiwandani lenye nguvu farasi 840 na matairi ya radiali, linaloinua magurudumu ya mbele. Ni kweli. Lakini kwenye mpangilio wake wa dragi, shokapu za mbele hufunguka kwa urahisi na kubonyea kwa ugumu, huku za nyuma zikiwa ngumu kwa kufunguka na kwa kubonyea. Pua imeruhusiwa kupanda, ikazuiwa kushuka upesi, na nyuma ikafungwa.

Wenye Subaru Impreza na Mitsubishi Evo, magari yenye mashabiki wengi Kenya na Uganda, wasiige hata hilo. Magurudumu ya mbele nayo yanavuta, na kila kilo inayoyakimbia ni mvuto uliopotea. Honda Civic za mbio hizi, zinazovutwa na magurudumu ya mbele pekee, hufungwa vyuma virefu vyenye magurudumu kwa nyuma ili zisikalie ekseli ya nyuma.

Kwa gari la kusukuma nyuma, ningeanza na shinikizo la upepo kwenye matairi, kisha nilegeze shokapu za mbele na kuzikaza hatua moja moja, nikibadilisha kitu kimoja kwa kila mbio na kusoma muda wa futi 60. Pesa za springi laini za mbele ningezinunulia shokapu za nyuma zinazorekebishika kwa kubonyea na kwa kufunguka.