Msiifue noti ya mji mdogo

Nina noti ya dola 10 ya toleo la 1902, iliyotolewa na benki ya mji mdogo wa Iowa, Marekani. Imekunjwa mara nne, pembe moja imeliwa, na ukiiinua kwenye taa unaona matundu ya pini. Chini kushoto kuna sahihi ya keshia, kulia ya rais wa benki. Wino umepauka hadi rangi ya chai, lakini majina yanasomeka.

Noti hizi zilianza na sheria ya 1863 zikakoma 1935. Benki iliweka hatifungani za serikali kama dhamana, nayo ikapewa noti zenye jina lake na la mji wake. Zile za 1902 zilifika nne nne kwenye karatasi moja. Keshia, ambaye enzi hizo hakuwa mtu wa dirishani bali ndiye hasa aliyeendesha benki, alishika kalamu akazisaini, kisha zikakatwa. Ndiyo maana nyingine zina kingo zilizopinda.

Miji midogo ilipata nafasi Machi 1900, Rais William McKinley aliposaini sheria iliyoshusha mtaji wa chini kutoka dola 50,000 hadi 25,000 kwa miji isiyozidi watu 3,000. Mwaka uliofuata aliuawa. Sura yake ndiyo iliyo kwenye hiyo dola 10 yangu.

Sasa linaloniuma. Noti yangu ya pili niliuziwa na mtu aliyeifua na kuipiga pasi. Ilikuja nyeupe pee, imenyooka kama kanzu ya Idi. Sahihi ya keshia haipo. Ukiilaza upande chini ya taa unaona mfereji mwembamba kalamu ilipopita, basi.

Picha, mapambo na muhuri wa bluu vilichapwa Washington, na benki zote zilipata vilevile. Kilichotoka kwenye mkono wa mtu wa mji ule ni sahihi tu. Ukiiosha, umebaki na nini? Noti za 1929, zilizopunguzwa ukubwa, hata sahihi zilichapwa kwa mashine, ndiyo maana sizikimbilii.

Mwezi ujao kuna mnada. Nimeona dola 5 chafu, imechanika katikati, sahihi zote mbili zinasomeka. Pembeni yake ipo safi ya benki kubwa ya New York. Mimi pesa yangu naiweka kwenye hiyo chafu.