Nane kati ya 115 si wachache

Msomaji mmoja anasema wafanyakazi 8 kati ya 115 kukutwa na kingamwili (kinga ambayo mwili huunda baada ya kuambukizwa) za mafua ya ndege ni "idadi ndogo, tusitishane". Ndugu yangu, hao 115 wa majimbo ya Michigan na Colorado, Marekani, walipimwa damu mwaka 2024 kwa sababu walifanya kazi kwenye mashamba yenye ng'ombe walioambukizwa H5N1, kirusi cha mafua hayo. Asilimia 7! Na nusu ya hao wanane hawakukumbuka kuumwa hata kidogo, kwa hiyo bila kipimo cha damu wasingejulikana kabisa.

Wote wanane ama walikamua ama walisafisha sehemu ya kukamulia. Haishangazi. Aliyewahi kukamua anajua: ng'ombe akirusha teke, maziwa yanakurukia usoni, na miwani ya kinga kwenye joto lile inafunga ukungu mpaka unaivua mwenyewe. Dalili iliyojitokeza sana kwa wafanyakazi hao Marekani ilikuwa macho mekundu, sasa nani anakwenda hospitali kwa jicho kuwasha?

Ila kipimo hiki kina kasoro yake. Kingamwili huchukua wiki kadhaa kujitokeza, kwa hiyo kinasema nani alishaambukizwa, si nani anaumwa leo. Na hata kuwapata watu wa kupima ni kazi: wakamuaji wengi kule ni wahamiaji. Mwambie mtu akijitokeza kupimwa atakaa nyumbani bila malipo, uone kama atakunyooshea mkono. Siku za ugonjwa zilipwe kwanza, ndipo mje na sindano ya kupima damu.