Kinyonga gani wa kuzalisha Tanga: hesabu ianze na mayai

Mkazi wa Tanga mjini akishikwa na hamu ya kuzalisha vinyonga, ushauri wa kwanza atakaopewa ni kuelekeza macho milimani, Amani au Lushoto, kwenye wale wenye pembe. Waliozama mitandaoni watamwambia aagize wa Yemen au wa Madagaska. Yule aliye kwenye mpera nyuma ya nyumba hatajwi kabisa, na akionekana hukaribishwa kwa jiwe, maana wengi wetu tumekua tukiambiwa ni mkosi.

Kambi zote hizo huchagua mzazi kwa sura. Anayezalisha hataishi na mzazi peke yake, ataishi pia na mayai na vitoto. Aulize kwanza jike hutaga mayai mangapi, mayai hukaa ardhini muda gani, na siku yakipasuka nani atawalisha wote hao.

Hata hivyo, hoja ya wenye pembe ina uzito. Usambara ni hazina ya vinyonga. Yupo Trioceros deremensis, ambaye dume lake lina pembe tatu na jina lake limetoka Derema, karibu na Amani. Upande wa mashariki wapo Kinyongia vosseleri na Kinyongia matschiei, magharibi yupo Kinyongia multituberculata. Yupo pia Rhampholeon spinosus, kijitu kidogo chenye pua ya miiba kinachotosha kukaa juu ya kidole. Misitu yao imeliwa na chai, iliki na mashamba ya mahindi, na mtetezi husema kwamba bora wachache wawe salama kizimbani kuliko kungoja msitu uishe. Mfano anao humu humu nchini: chura wa Kihansi. Mwaka 2000 karibu vyura 500 walipelekwa Marekani, mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini, na mwaka 2012 uzao wao ukaanza kurudishwa kwenye maporomoko yao. Bila vizimba, chura yule asingekuwapo leo.

Lakini tuangalie waliofanya kazi ile: bustani kubwa za wanyama, zenye madaktari, vyumba vya ukungu wa kutengenezwa na kumbukumbu za kila kizazi. Mfugaji wa uani hana hata daftari. Na kwa vinyonga wa Usambara, kukosa kumbukumbu ni kasoro kubwa kuliko inavyodhaniwa. Hadi mwaka 2008 wale wa pembe mbili wa Usambara walikuwa wakiwekwa wote chini ya jina moja la Kinyongia fischeri. Ndipo watafiti wakaonyesha kwamba wa mashariki na wa magharibi ni spishi mbalimbali, na fischeri halisi ni wa milima ya Nguru na Nguu. Kati ya Usambara mbili lipo bonde la Lwengera, joto na kavu, ambalo mnyama wa msitu wa baridi halivuki. Mfugaji akinunua dume lililotoka Lushoto, magharibi, na jike lililotoka Amani, mashariki, akaambiwa tu kwamba ni “wa pembe mbili”, basi hata wakipandana na kuzaa amepata watoto wasio na msitu wa kurudi. Hapo hoja ya uhifadhi imeshakufa mikononi mwake.

Halafu kuna kaskazi. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vinyonga wa huko wamezoea usiku wa baridi. Tanga mjini, kuanzia Januari hadi Machi, mchana hupita nyuzi 30 na usiku hauleti nafuu ya maana. Atakayemleta mnyama wa mlimani pwani itabidi amwekee kiyoyozi, wakati nyumba nzima inalala na feni moja. Umeme ukikatika usiku wa Februari, asubuhi hana mnyama.

Kuna na doa jingine. Januari 2021 ilitangazwa kwamba katika uwanja wa ndege wa Vienna, Austria, msafiri aliyetoka Tanzania kupitia Ethiopia alikutwa na vinyonga 74 kwenye mizigo, wamefungwa ndani ya soksi na makopo ya aiskrimu. Ilielezwa kuwa walitoka milima ya Usambara. Anayetaka kununua wa pembe kichochoroni ajue ananunua kutoka mnyororo gani.

Wa kigeni nao wana watetezi wenye akili. Chamaeleo calyptratus wa Yemen na Furcifer pardalis wa Madagaska wamezalishwa vizimbani kwa vizazi vingi. Mahitaji yao yanajulikana: joto, mwanga, vumbi la kalsiamu juu ya wadudu, matone ya maji yanayoteleza kwenye majani kwa sababu kinyonga hanywi bakulini. Aliyezaliwa kizimbani haji na minyoo ya porini wala hofu ya kukamatwa. Kwa anayeanza hilo ni jambo kubwa, na kama tungekuwa tunaongelea Hamburg, ningesema achukue wa Yemen na mjadala uishie hapo.

Tuko Tanga lakini, na wepesi ule ule wa kumfuga ndio unaonitia shaka. Wa Yemen ametoroka vizimbani Florida na sasa anazaliana huko mwituni. Wa Madagaska amejikita kisiwa cha Réunion. Hata wa ukanda wetu wamewahi kujikita ugenini: mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walifikishwa Oahu, Hawaii, mwenye duka la wanyama akawaachia bustanini kwake wapate nafuu ya safari, na hadi leo wajukuu wao wapo. Kama wa milima ya Kenya ameweza kisiwa cha Pasifiki, wa Yemen atashindwa nini kwenye minazi ya Raskazone? Hapa hatakuta bustani tupu. Atakuta ndugu zake, na safari ya boda kutoka hapo hadi chini ya Amani si ndefu. Huyo simshauri mtu, hata kama karatasi zake zote zimenyooka.

Tumrudie basi wa mpera. Jina lake la kitaalamu ni Chamaeleo dilepis, utamjua kwa vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa. Anaishi pwani, kaskazi na kusi anazijua. Kizimba chake cha wavu kikikaa nje chini ya kivuli chepesi, jua la asubuhi linafanya kazi ambayo mwenzetu wa Ulaya analipia taa maalumu. Chakula kipo: panzi wa majani ya uani, mende wa kuzalisha ndani ya ndoo, na sasa wale funza wa BSF, yaani nzi askari mweusi, ambao wafugaji wa kuku wameanza kuwazalisha, wenye kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengi. Maadui zake nao ni wa kienyeji, na dawa zao ni rahisi. Kunguru huzuiliwa na wavu mgumu. Siafu na sisimizi, ambao humaliza mnyama aliyefungiwa kwa usiku mmoja, huzuiliwa kwa kusimamisha miguu ya kizimba ndani ya makopo ya maji. Dume na jike wakae mbali, kila mmoja na chake, wakutanishwe siku ya kupandana tu. Kinyonga hana hamu ya mwenzake.

Kisha jike anashuka chini, anachimba. Asipopata udongo mwororo wenye unyevu anaweza kuyazuia mayai tumboni hadi afe, kwa hiyo ndoo ya mchanga wenye kina ni ya lazima. Atataga 20, 30, pengine 50. Yatakaa miezi mingi. Porini huweza kukaribia mwaka. Mfugaji ameshayasahau, mara asubuhi moja ndoo imejaa vitoto vidogo kuliko kiungo cha kidole.

Hapa ndipo hobi nyingi huvunjika. Kitoto hali panzi. Kinataka vinzi vya matunda, vile vinavyozunguka ndizi iliyoiva kupita kiasi, na kinavitaka kila siku. Vitoto 40 ni mamia ya vinzi kwa siku. Wakikua kidogo huanza kubanana, mdogo anaacha kula kwa kumwona mkubwa, na inabidi kuwatenga. Nani ana vizimba 40? Upande wa pili wa hesabu hii, dilepis ana faida asiyonayo mwingine yeyote: wazazi wakiwa wametoka mtaa huo huo na hawakuchanganywa na wanyama wa mbali, wenye mamlaka wakiridhia, uzao una mahali pa kurudi. Kwangu hilo linafuta nusu ya lawama ya mayai mengi. Nusu nyingine inabaki, kwa kuwa mtu atauliza kulikuwa na haja gani ya kuzalisha kilichojaa mtaani. Jibu langu ni kujifunza, na sioni aibu kwa jibu hilo.

Asiyetaka makundi ya vitoto amfikirie kinyonga mdogo wa majani, Rieppeleon brevicaudatus, mwenye kidevu cha ndevu moja na rangi ya jani kavu. Hutaga mayai machache tu kwa mkupuo, na anatosha kwenye tanki la kioo lenye udongo na majani makavu. Hupatikana hata misitu ya chini ya pwani, si milimani pekee. Ila anataka kivuli kizito na unyevu, kwa hiyo anafaa zaidi nyumba ya Muheza yenye miti kuliko chumba cha bati Makorora. Kwa mwenye kivuli hicho, ningemweka mbele hata ya dilepis.

Iwe yupi, kibali hutangulia. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma hata akiwa juu ya mti wako, na vibali vya kukamata na kufuga vinasimamiwa na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Familia nzima ya vinyonga iko chini ya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Hata wale wadogo wa majani waliingizwa mwaka 2016.

Anayefanya hesabu ya faida kwa kumtegemea mnunuzi wa Ulaya nina habari mbaya kwake. Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Juni 2022 ilitangazwa ruhusa ya miezi sita, na kabla wafanyabiashara hawajafunga maboksi yao, ikasitishwa.