Ada za Leseni: Tumechoka na Maelewano ya Faraghani

Juzi nimeweka saini mkataba mpya wa simu hapa Leicester, na ukurasa wa kwanza ulinieleza wazi kwamba kila Aprili bei itapanda kwa pauni 1 na pensi 80. Tangu Januari 2025 Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa Uingereza, amekataza mikataba mipya inayofungamanisha nyongeza na mfumuko wa bei usiojulikana. Nilifurahi, kisha nikakereka, kwa sababu nilifikiria ada za leseni ambazo kampuni zetu za simu za Kenya hutozwa, na ambazo mwishowe hulipwa na mnunuzi wa bando.

Mwaka 2015 Ofcom ilipandisha karibu mara tatu ada za mwaka za masafa, yaani mawimbi ya hewani yanayobeba simu, ya megahezi 900 na 1800. Kampuni ya simu ya EE ikashtaki, ikashindwa, ikakata rufaa, na Novemba 2017 Mahakama ya Rufaa ikafuta kanuni hizo kwa kuwa mdhibiti hakuzingatia wajibu wake wa kisheria. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamuru kampuni nne zirudishiwe pauni milioni 218. Ada hazikushuka sana baada ya hapo, kwani Ofcom ilikokotoa upya na kuziweka juu vilevile, lakini safari hii kwa kufuata sheria, na sababu zote zikachapishwa ambapo hata mimi nimeweza kuzisoma.

Najua watakaosema kwamba nimekula mkate wa Mzungu nikaanza kuwadharau wenzangu. Hasha! Waingereza hawa hawana katiba iliyoandikwa katika waraka mmoja, ilhali ibara ya 47 ya Katiba yetu ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na mamlaka za utawala na kupewa sababu kwa maandishi haki yake inapoathiriwa, na ninajivunia jambo hilo mbele ya yeyote. Jopo la rufaa la mawasiliano pia tunalo. Mamlaka ya Mawasiliano ilipotaka kushusha malipo ya kuunganisha simu kati ya mitandao kutoka senti 99 hadi senti 12 kwa dakika, Safaricom ilikwenda huko, na mwaka 2022 pande zote zikakubaliana senti 58.

Zikakubaliana, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Kwa nini 58 na si 40? Mwaka huohuo Airtel ilimaliza mvutano wa miaka mingi na Mamlaka hiyo kwa kukubali kulipa dola milioni 20 kwa leseni ya miaka 10 iliyohesabiwa tangu 2015. Maelewano huokoa muda, sikatai, lakini hayaachi hukumu ambayo kampuni ndogo ya kesho inaweza kuitegemea.

Mwingine ataniuliza tangu lini matajiri wakahitaji wakili kama mimi. Dada yangu anauza samaki Malindi kwa WhatsApp, akinunua bando la shilingi 20 la saa moja na kuwajibu wateja mbiombio kabla halijakatika, na katika shilingi hizo tayari mna ushuru wa bidhaa wa asilimia 15. Ninamtetea yeye. Mamlaka ichapishe hesabu ya kila ada kabla ya kuhuisha leseni, na makubaliano yanayofikiwa mbele ya jopo yaambatane na sababu zake kwa maandishi, kama ibara ya 47 inavyotaka.