Haki ya kucheza gemu bila kuacha jina

Nianze kwa kuweka wazi upande wangu, asije mtu akadhani namtetea mtoto anayekesha na simu. Mzazi akimnyang'anya mwanawe padi saa tatu usiku, mimi niko na mzazi. Gemu zinalevya, na waliozitengeneza walilipwa vizuri ili zilevye. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, yenye Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 huko Marekani: milioni 275 kwa tuhuma za kukusanya taarifa za watoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya wazazi, na milioni 245 kwa tuhuma za kupanga vitufe kijanja, mchezaji akajikuta amenunua kitu ambacho hakukitaka. Watu wa namna hiyo siwalilii.

Ninachokikataa ni dawa inayouzwa sasa. Nchi moja baada ya nyingine inasema inataka kuwalinda watoto mtandaoni, na karibu zote zinaangukia kwenye njia ileile: wakubwa kwa wadogo waoneshe sura au kitambulisho kwanza, ndipo mlango ufunguliwe. Uingereza ilianza kubana Julai 2025. Australia, Desemba mwaka huohuo, ikapiga marufuku akaunti za mitandao mikubwa ya kijamii kwa walio chini ya miaka 16. Roblox, jukwaa la gemu ambalo watoto wengi wa mijini hapa kwetu wanalijua kuliko wanavyoijua bao, mwanzoni mwa 2026 ilianza kumtaka mchezaji apigwe kamera usoni ili mashine ikisie umri wake kabla hajaruhusiwa kuchati. Kampuni inasema picha hufutwa baada ya ukaguzi. Sawa. Naomba tu tuliweke neno hilo "hufutwa" pembeni, tutalirudia.

Kule Uingereza ukaguzi haujamaliza wiki, vijana walishapata upenyo. Walifungua gemu ya Death Stranding, wakaingia sehemu ya kupiga picha, wakamwelekeza mhusika mkuu mbele ya kamera iliyotakiwa kuwakagua wao. Mhusika ni mtu mzima mwenye ndevu. Mashine ikaridhika. Nilicheka sana niliposoma, halafu nikajiuliza nani hasa amenaswa. Kijana aliyekusudiwa kuzuiwa amepita na uso wa katuni. Aliyeacha uso wake halisi ni mtu mzima mtiifu aliyefuata maelekezo.

Na kuuacha kuna gharama. Oktoba 2025 Discord, mahali wachezaji wengi wanapopigia soga, ilitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watumiaji wapatao 70,000 huenda zimeangukia mikononi mwa wadukuzi. Zilikuwa kwa mzabuni wa huduma kwa wateja. Zimefikaje huko? Baadhi ya watu walikataliwa kwa kudhaniwa ni watoto, wakakata rufaa, na rufaa ilidai kitambulisho. Yaani miongoni mwa waliodhurika ni watu wazima waliokuwa wanathibitisha kwamba ni watu wazima. Neno la siri la mtu aliyedukuliwa linabadilishwa kwa dakika mbili, lakini uso na tarehe ya kuzaliwa unabadilishia wapi?

Wapo watakaosema China wameweza. Agosti 30, 2021 serikali ya China ilitangaza kwamba walio chini ya miaka 18 watacheza gemu za mtandaoni saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ili hilo liwezekane, kila mchezaji alipaswa kusajiliwa kwa jina halisi na namba ya kitambulisho, na kampuni ya Tencent ilikuwa imeshaanza kuwakagua sura wanaocheza usiku wa manane. Watoto wakaazima akaunti za babu na bibi. Wengine wakakodi. Serikali haikuzimaliza gemu, ila ilibaki na orodha ya nani anacheza nini na saa ngapi, na orodha ya namna hiyo ikishakuwepo hakuna afisa atakayeiacha ikae bila kazi.

Korea Kusini walijaribu kwa upole zaidi. Sheria yao ya 2011 iliwafungia walio chini ya miaka 16 kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Miaka kumi baadaye ilikuwa imezaa kituko: Minecraft, gemu ya kupanga matofali, ikageuka gemu ya watu wazima huko Korea, kwa sababu kampuni haikutaka kutengeneza mfumo wa kuwatenganisha watoto usiku kwa ajili ya nchi moja. Mwishowe waliifuta, na tangu Januari 2022 mzazi na mtoto wanapangiana saa wenyewe. Wakorea walirudisha swali nyumbani lilikotoka, na mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko ninavyowaheshimu Wachina kwa ukali wao.

Msomaji wa Dar atasema haya ni mambo ya watu wenye intaneti ya kasi. Hapana. Sisi tulishatangulia. Mwanzoni mwa 2020 laini zote za simu Tanzania zilitakiwa ziwe zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Siku ya mwisho ilisogezwa kutoka Desemba 31 hadi Januari 20, na zilizobaki zikaanza kuzimwa. Tuliambiwa lengo ni kuwakomesha matapeli. Leo fungua simu yako uhesabu ni mara ngapi umeandikiwa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tapeli yupo, ana laini, na laini ina alama ya kidole cha mtu fulani, pengine bibi wa kijijini aliyebonyeza mashine mara tatu akiambiwa haijasoma vizuri. Wewe mwenye kidole chako halali ndiye unayejulikana ulipo muda wote simu ikiwa imewaka.

Kenya nako watu walisogea hatua ya pili. Katikati ya 2023 Wanairobi walipanga foleni kwenye ukumbi wa mikutano wa KICC kupigwa picha ya mboni na mashine za mradi wa Worldcoin, kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban Sh7,000 za Kenya. Serikali ikasimamisha zoezi Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Kufutwa tena. Nani atakwenda kwenye seva kuhakikisha? Siwacheki waliopanga foleni, maana Sh7,000 ni kodi ya chumba. Ninawacheka wanaosema maskini hana haja ya faragha, kwani kama uso wa maskini hauna thamani, mbona ulinunuliwa?

Kuna jambo moja linalonifanya niiogope orodha kuliko ninavyomwogopa mwenye orodha. Desemba 2016 polisi walimkamata Maxence Melo, mwanzilishi wa jukwaa la mijadala mtandaoni la JamiiForums, na miongoni mwa yaliyompeleka mahakamani chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ni kukataa kuwapa taarifa za watumiaji wake. Alihangaika na kesi kwa miaka. Huyo ni mtu mmoja mwenye msimamo wa ajabu, na siwezi kumdai kila kampuni ya gemu huko California au Shenzhen ifunguliwe mashtaka kwa ajili ya kijana wa Mbagala aliyeandika utani kuhusu kiongozi kwenye chati ya mechi. Barua ya polisi ikifika, watatoa. Njia pekee ya kutotoa kitu ni kutokuwa nacho.

Utani kwenye chati ya mechi, nani atahangaika nao? Nyaraka za ujasusi wa Marekani alizovujisha Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi humo, zilizochapishwa Desemba 2013, zilionesha kwamba majasusi wa Marekani na Uingereza walikuwa wamejipenyeza ndani ya gemu za mtandaoni za World of Warcraft na Second Life kutafuta magaidi. Ndani ya Second Life mashushushu wa idara mbalimbali walikuwa wengi kiasi kwamba ilibidi pawe na utaratibu wa kuwazuia wasichunguzane wenyewe kwa wenyewe. Nyaraka zile hazikuonesha gaidi hata mmoja aliyenaswa kwa njia hiyo. Wenye bajeti za kutisha walilipwa mshahara kuwa majini na wachawi wa kuchora, na bado kuna mtu ataniambia serikali haina muda na gemu.

Linganisha na kibanda cha PS (PlayStation). Waliokulia Manzese au Tandika wanakijua: TV ya chogo, padi ambayo kitufe kimoja kimekufa, vijana wamejipanga ukutani, unalipia mechi, aliyefungwa anapisha. Mwenye kibanda alikuwa na ukaguzi wa umri ambao kampuni hizi zote hazijaufikia. Akikuona na sare ya shule saa nne asubuhi anakufukuza. Akimfahamu mama yako, jioni mama ana habari. Lakini hakuandika jina lako popote, hakukupiga picha, na mwezi ujao hakuna mtu angeweza kuja kumuuliza ulicheza na nani. Alikutazama, akaamua, basi. Wahandisi wanajua namna ya kufanya jambo linalokaribia hilo kwa hesabu za siri: simu yako ithibitishe kwamba umevuka miaka 18 bila kutaja jina wala tarehe. Umoja wa Ulaya ulitoa mfano wa programu ya aina hiyo Julai 2025. Sijaikubali moja kwa moja, maana lazima mwanzoni pawe na ofisi inayokupa huo uthibitisho, ila angalau ni watu wanaojaribu kuifuata njia ya mwenye kibanda.

Ukishakubali kwamba kila mchezo unaanza kwa kuripoti kwanza, umekubali pia kwamba kuna mtu ana swichi. Machi 31, 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya magari iliyotoka 2014. Ilihitaji intaneti hata ukicheza peke yako, kwa hiyo waliokuwa wameinunua kwa pesa zao walibaki na sanduku. Hasira za siku zile zilizaa kampeni ya Stop Killing Games, ambayo ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilipata saini zaidi ya milioni moja. Huko swichi iko kwa kampuni.

Kwetu iko kwa kampuni na iko kwa serikali. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iliwataka wanaotumia VPN, programu ya kuficha uko wapi na unafungua nini mtandaoni, wajitaje na kueleza wanaitumia kwa ajili gani. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Septemba JamiiForums ikasimamishwa kwa siku 90. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti yenyewe ikakatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Ni aibu kutaja gemu kwenye siku zile, watu walikuwa wanatafuta ndugu zao na hawawapati, na wafanyabiashara walikaa na simu zisizotuma hela. Naitaja kwa sababu moja. Vijana wa mtaani kwangu, wamefungiwa ndani na amri ya kutotoka, walikuta gemu walizolipia zinawaambia hakuna mawasiliano na seva, hata zile za kucheza na kompyuta tu. Kilichocheza ni CD za zamani. Kitu ulichonacho mkononi kilifanya kazi, na kile ambacho lazima kiombe ruhusa mbali hakikufanya. Sijui darasa gani la uraia lingewaeleza hilo vizuri zaidi.

Nina hakika muswada wa kulinda watoto mtandaoni utafika Dodoma siku moja, kama hautatanguliwa na wa Nairobi au Kampala, na utakuja na picha za watoto wanaotabasamu jalada la mbele. Wabunge wataupigia makofi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, Tume yake ipo, na kwa maandishi ni sheria nzuri kuliko nilivyotarajia. Ina misamaha pia, na usalama wa taifa ni mmojawapo, neno pana kiasi cha kupitisha lori.

Muswada huo ukifika, mimi nitaruka kurasa zote za mwanzo. Nitatafuta kifungu kinachosema picha ya uso itakaa kwa nani na kwa saa ngapi. Nitatafuta kama polisi wataipata kwa amri ya hakimu au kwa kupiga simu tu. Nitatafuta kama kosa la kuivujisha lina adhabu hata pale aliyevujisha ni mtumishi wa umma. Nisipovikuta hivyo vitatu, mpwa wangu mwenye miaka kumi na mmoja ataendelea kucheza kwa akaunti yangu, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake, na saa tatu usiku padi inarudi kabatini.